Meya wa Chicago alikaa miaka 21, wa kwetu Tanga mbona waja leo waondoka leo?

Kijana mmoja wa Makorora kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Nimesikia huko Chicago Marekani kuna meya alikaa miaka 21 mpaka akafa akiwa madarakani, alafu baadae mtoto wake nae akaja akakaa 22. Hapa kwetu Tanga meya ni waja leo waondoka leo. Sheria yetu ndo inawabana au ni nini? Nauliza kwa sababu nina mpango wa kugombea udiwani na nikipata nautaka umeya, nina mambo mengi nataka kuufanyia huu mji."

Marahaba mwanangu. Nikwambie kwanza kwamba mi nimefanya kazi halmashauri, sio hapa jijini, ni halmashauri nyingine ambayo siitaji, kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao, kwa hiyo mameya nimewaona kwa karibu na joho limevuliwa limetundikwa msumarini. Na huyo mzee wa Chicago nimemsoma miaka mingi kwa sababu kila nikimsoma naziona halmashauri zetu, ila kwa kinyume chake.

Anaitwa Richard J. Daley, kazaliwa 1902 mtaa wa Bridgeport, mtaa wa vibarua wenye asili ya Ireland, Wakatoliki, karibu na machinjio makubwa ya Chicago. Alifanya kazi hukohuko kwenye machinjio huku usiku anasoma sheria, ikamchukua miaka mingi kumaliza. Mtaa ule hakuuhama mpaka anakufa, meya wa mji wa pili kwa ukubwa Marekani enzi hizo lakini nyumba yake ilikuwa ya kawaida tu katikati ya majirani, na misa ya asubuhi haimpiti. Aliingia umeya 1955, akashinda chaguzi sita mfululizo, ya mwisho 1975, na Desemba 20 1976 akafa kwa moyo akiwa ofisini kwa daktari wake.

Sasa sikia kitu ambacho wengi hawakijui. Kwa maandishi ya sheria, meya wa Chicago hana nguvu kiivyo! Karatasi zinasema baraza ndo lenye mji, madiwani 50 kutoka kata 50, meya ni kama msimamizi. Aliyemtangulia Daley, Martin Kennelly, alikuwa mfanyabiashara mwenye jina safi, mvi zake nyeupe, anapendeza kwenye sherehe, alikaa toka 1947 mpaka 1955 na muda wote huo madiwani walikuwa wanagawana mji wao wenyewe, yeye anakata utepe. Daley akamtoa kwenye kura za maoni za chama, akakalia kiti kilekile chini ya sheria ileile, na ndani ya miaka michache hakuna diwani aliyethubutu kukohoa bila kumuangalia kwanza usoni.

Siri yake ni kwamba Daley hakuingia na kofia moja. Miaka miwili kabla, 1953, alishakuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic kaunti ya Cook, ambayo ndo Chicago na vitongoji vyake, na alivyopata umeya uenyekiti hakuuachia, alikufa nao. Sasa we fikiria, mtu huyohuyo ndo anakaa na wazee wa chama kupanga nani apewe tiketi ya udiwani, ubunge, ujaji (kule majaji wengi wanapigiwa kura), na kesho asubuhi huyohuyo ndo ana kazi za kugawa mjini. Diwani akileta ubishi kwenye baraza hapati lami, watu wake hawapati ajira, na uchaguzi ukifika hapati tiketi. Mtu wa namna hiyo utambishia kwa lipi?

Hizo kazi ndo kiini cha yote kwa hiyo ngoja nikae hapo kidogo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kazi kama elfu 35 hadi 40 zilizokuwa mikononi mwa chama, wazoa taka, mafundi bomba, makarani wa mahakama, walinzi wa bustani, waendesha lifti. Ukitaka kazi huendi na cheti, unaenda na barua ya mwenyekiti wa chama wa kata yako. Na chini ya mwenyekiti wa kata kuna watu wa mashina, na hapa mwanangu huhitaji kwenda Marekani kuelewa maana wanafanana na mjumbe wetu wa nyumba kumi, yani balozi. Anajua nani kahamia, nani kafiwa, nani kijana wake kakamatwa, nani pipa la taka limetoboka. Anagonga mlango, anamaliza shida, siku ya kura anarudi kugonga tena. Tofauti yake na balozi wetu ni kwamba yule wa Chicago analipwa mshahara na serikali, kwenye kitengo cha maji huko au barabara, na shina lake likileta kura pungufu ya alizoahidi basi jumatatu kazi hana. Alikuwa anatakiwa ataje kabla atapata ngapi, na wazuri walikuwa wanakosea kwa kura mbili tatu tu.

Cha pili ni bajeti. Zamani kamati ya fedha ya baraza ndo ilikuwa inaandaa bajeti ya mji, Daley akahakikisha kazi hiyo inahamia kwa meya, baraza likabaki la kusikiliza na kunyoosha mkono. Huo ndo mkeka wenyewe alioukalia, ajira, tiketi na bajeti. Joho na mkufu ni pambo.

Sasa nikupe cha kwetu. Kwenye hiyo halmashauri yangu tulikuwa na meya mmoja, mtu mzuri sana, mcheshi, watu wanampenda. Asubuhi moja ana ziara ya kata ya mbali kuna zahanati imekwama, wananchi wameshakusanyika wanamsubiri na ngoma. Gari ya meya haina mafuta. Dereva kaandika ombi, vocha iko kwa mhasibu, mhasibu anasubiri saini ya mkurugenzi, mkurugenzi yuko kwenye kikao mkoani. Basi meya wa watu kakaa kwenye benchi la mapokezi pale tunapokaliaga wananchi wenye shida za viwanja, kashika kofia yake, kila anayepita "shikamoo mheshimiwa", nae anaitikia "marahaba marahaba", saa moja ikapita, mbili zikapita. Mpaka saa saba mchana. Mimi nilikuwa napita na makabrasha yangu nikaona aibu hata kumwangalia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Katibu, hivi mi hapa ni nani?" Sikuwa na jibu.

Jibu lake lipo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, namba 8 ya 1982. Meya wa Tanzania hachaguliwi na wananchi. We unachaguliwa diwani na watu wa kata yako tu, alafu madiwani wenzio ndo wanakupigia kura za umeya, wa kipindi cha baraza yani miaka mitano, naibu wako yeye anachaguliwa kila mwaka. Na kabla hujafika kwenye sanduku la madiwani, chama ndo kinaamua jina gani liende, na kama chama chako kina madiwani wengi basi uchaguzi wenyewe umeshaisha siku chama kilipokaa. Sasa mkurugenzi wa jiji anateuliwa na rais. Mkuu wa mkoa, rais. Mkuu wa wilaya, rais. Wakuu wa idara unawakuta na TAMISEMI inaweza kuwahamisha kesho bila kukuuliza. Meya unasimamia kikao, mkurugenzi ndo mtendaji mkuu na ndo mwenye saini ya hela. Huwezi kumwajiri hata mfagizi.

Kwa hiyo mwanangu ulivyouliza kama sheria inawabana kukaa muda mrefu, hapana, madiwani wakikutaka tena unarudi tena. Ila ukae muda mrefu ufanye nini, umeshika nini mkononi? Daley walikuwa wanamchagua kila miaka minne kwa sababu kila mtu mjini alikuwa na kitu alichopata kwake au anachokitegemea kwake. Meya wetu anagawa nini? Anagawa maneno mazuri na mwenge ukija anaupokea.

Na sio ajali, serikali za mitaa zetu zimetoka mbali. 1972 zikaanza kufutwa kwenye ile sera ya madaraka mikoani, miji ikabaki haina mabaraza, mitaro ikaziba mpaka kipindupindu kikaingia, 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa kwa muda, alafu ndo ikaja sheria hii ya 1982. Zimerudi lakini kamba imebaki juu. Angalia hata kodi ya majengo, Chicago kodi ya nyumba ni nguzo ya bajeti ya mji wao, huku kwetu iliondolewa halmashauri ikapelekwa TRA na toka 2021 unakatwa kwenye luku, ukinunua umeme wa elfu tano nyumbani kwenu Makorora na kodi imo humo. Haipiti mkononi mwa meya.

Usije ukadhani lakini nakusifia mzee wa Chicago, maana najua vijana mkisikia mtu mwenye nguvu mnaanza kusema "tunamtaka huyo huyo". Subiri kwanza.

Mambo aliyojenga ni mengi, hilo siwezi kumnyima: uwanja wa ndege wa O'Hare ulikuwa mkubwa kwenye zama zake, barabara kuu za njia nyingi, chuo kikuu cha Illinois cha pale mjini kilichofunguliwa 1965, na lile ghorofa la Sears likakamilika miaka ya 70 likawa refu kuliko yote duniani. Takataka zinazolewa, theluji inaondolewa, taa zinawaka. Watu wakauita mji unaofanya kazi. Lakini ulikuwa unafanya kazi kwa nani? Weusi waliokuwa wanahamia kutoka kusini kwa maelfu alikuwa anachukua kura zao kupitia mabosi wa kata za weusi walio chini yake, alafu anawarundika pamoja. Robert Taylor Homes, nyumba za serikali za kupangisha maskini, ikakamilika 1962, maghorofa 28 ya ghorofa 16 kila moja, yamepangwa mstari mmoja kando ya barabara kuu, maskini weusi watupu. Januari 1966 Martin Luther King akahamia Chicago kabisa, akapanga nyumba kwenye mtaa wa weusi, kudai makazi yasiyo na ubaguzi, na Agosti akapigwa jiwe la kichwa kwenye maandamano mtaa wa wazungu. Unajua Daley alimfanyaje? Hakumfunga wala hakumtukana kama viongozi wa majimbo ya kusini. Alimkaribisha ofisini, akamsikiliza, akakubali karibu kila kitu, wakasaini makubaliano, King akaondoka, na vitu vikabaki vilevile. Mi hapo ndo naona ukali wake wa kisiasa kuliko kwenye kelele zote, maana mpinzani ukimpiga anakua, ukimkubalia kwenye kikao anakosa pa kushika.

Ila 1968 ukali huo ukamponyoka. Aprili King akauawa, mitaa ya weusi ikawaka moto, Daley akasema hadharani kwamba polisi wanatakiwa kumpiga risasi ya kuua anayechoma moto na risasi ya kulemaza anayepora. Agosti chama chake kikafanya mkutano mkuu Chicago, vijana wanaopinga vita ya Vietnam wakaandamana, polisi wakawacharaza barabarani mbele ya kamera nchi nzima inaona, na uchunguzi uliofuata ukasema wazi kwamba waliofanya fujo ni polisi wenyewe. Yeye alivyoulizwa akateleza ulimi kauli ambayo mpaka leo wanamcheka nayo, kwamba polisi hayupo pale kuleta fujo, polisi yupo pale kulinda fujo. Nadhani ulimi ulisema ukweli kabla ya mwenyewe.

Kuhusu zile kura za 1960 ambazo watu wanapenda kuzileta kwamba Daley ndo alimpa Kennedy urais kwa wizi, ni kweli Kennedy alishinda Illinois kwa kura kama elfu tisa tu na tuhuma za Chicago zilikuwa nyingi, lakini hata ukimnyang'anya Illinois yote bado alikuwa na kura za majimbo za kutosha kuwa rais. Kwa hiyo hiyo hadithi inasimuliwa na chumvi. Kichekesho kizuri zaidi ni hiki: huyu mtu ambaye ni chama cha Democratic damudamu, mara ya kwanza kabisa kuingia bungeni kwenye jimbo la Illinois 1936 aliingia kwa tiketi ya Republican! Mgombea wao alikufa karibu na uchaguzi, watu wa Daley wakahamasishana wakaandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi ya kura upande wa Republican, akapita, alivyofika bungeni akahamia kukaa na wenzake. Hawa wanaohamahama vyama huku kwetu na kupokelewa na kadi mpya wana babu yao.

Utawala wake ulianza kuliwa na mahakama kabla hajafa. Mwanasheria mmoja aliyekuwa anagombea nafasi ndogo tu, Michael Shakman, alifungua kesi 1969 kwamba kuwapa watu kazi kwa uchama ni kumnyima mgombea mwingine haki, na 1972 ikatoka amri kwamba mfanyakazi hafukuzwi tena kwa sababu ya siasa. Taratibu balozi wa Chicago akawa hatishiki. Mwaka huohuo chama chake chenyewe kikamtoa yeye na wajumbe wake kwenye mkutano mkuu. 1974 akapata kiharusi, diwani wake wa karibu kabisa, Thomas Keane, akatiwa hatiani. Daley mwenyewe hakuwahi kushtakiwa, wengi waliomzunguka ndo walienda jela.

Na baada ya kufa ndo unapata ushahidi kwamba nguvu hazikuwa za kiti. Aliyemrithi, Michael Bilandic, aliangushwa 1979 na theluji, ilianguka nyingi mji ukasimama, treni zikapita vituo vya weusi bila kusimama, watu wakamwadhibu kwenye kura. 1983 akashinda Harold Washington, meya wa kwanza mweusi. Huyu ndo nakuomba umsome vizuri kuliko Daley. Kachaguliwa kihalali na wananchi wenyewe, kavaa joho, kaingia kwenye baraza, na madiwani 29 kati ya 50 wakajipanga upande wa pili. Kila anachopeleka wanakataa, kila anayemteua wanamkalia bila kumthibitisha, yeye nae akawa anatumia veto tu, yani kukataa wanachopitisha, kwa sababu hawafikii theluthi mbili ya kuipindua. Miaka mitatu mji unavutana hivyo, mpaka mahakama ilipoamuru mipaka ya baadhi ya kata ichorwe upya na 1986 ukarudiwa uchaguzi ndo ikawa 25 kwa 25 na kura yake ya kuamua. Mwaka uliofuata akafa kwa moyo mezani kwake. Sisi Tanga tumeonja kidogo 2015, CCM na CUF wamekaribiana kwenye baraza, uchaguzi wa meya ukawa ugomvi, madiwani wa CUF wakakataa kumtambua meya, mnakumbuka vikao vilivyokuwa. Meya bila baraza ni mtu mwenye mkufu.

Mtoto, Richard M. Daley, aliingia 1989 akatoka mwenyewe 2011. Huyu hakuwa na jeshi la ajira kama baba maana mahakama ilishalikata makali, akatumia njia nyingine: wafanyabiashara wakubwa, zabuni, na kile kipengele kinachomruhusu meya kumteua diwani pale kata inapobaki wazi, kwa hiyo polepole baraza likajaa watu aliowateua yeye. Yale maghorofa aliyojenga baba yeye akayabomoa, la mwisho likaanguka 2007. Usiku mmoja Machi 2003 alipeleka tingatinga zikakatakata njia ya ndege ya kiwanja kidogo cha Meigs pale ziwani, asubuhi watu wameamka kuna alama za X kubwa kwenye lami na ndege ndogo zimenasa. Hakumuuliza mtu. Na 2008 akakodisha mita za maegesho ya magari za mji mzima kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, dola bilioni 1.15, madiwani wakapewa siku chache tu wakapitisha, mkaguzi wa mji akaja kusema walipunjwa karibu bilioni moja. Hela ikaisha mapema sana, miaka bado ipo. Hayo ndo matunda ya baraza linalonyoosha mkono, usisahau na hilo ukianza kuuota umeya.

Sasa kuhusu wewe kugombea. Gombea, lakini usianze na umeya. Ukishapata udiwani tafuta kamati ya fedha na uongozi, ile inayokaa kila mwezi, sio baraza linalokaa kila robo mwaka na waandishi wa habari na soda. Huko ndo taarifa ya mapato na matumizi inapita, na nakwambia kwa uzoefu, madiwani wengi kabrasha wanalifungulia siku ya kikao wanatafuta posho imeandikwa ukurasa gani. Wewe lisome usiku, ulinganishe na la mwezi uliopita, uulize swali moja tu lenye namba. Diwani wa hivyo mkurugenzi anamjua kwa jina na simu yake anapokea, hata kama hana mkufu. Nimeona diwani mmoja, mama muuza vitambaa, hakuwahi kuwa hata naibu meya, lakini wakuu wa idara walikuwa wanaulizana kabla ya kikao "yupo yule mama leo?"

Na kabla ya hapo, huyo balozi wa nyumba kumi wa hapo kwenu Makorora, anakujua? Sio wa kukuona unapita na baiskeli tu, nasema anajua jina lako na la mama yako. Kama hapana basi kesho baada ya alasiri pitia kwake, bila hotuba, ukae mnywe kahawa.